Nehemiya Alingoja Bei

Nehemiya wa Juru hakuwa mtu wa kuweka mali yake yote mahali pamoja. Baba yake, kule milima ya Minembwe, aliwatawanya ng'ombe kwa marafiki wa vilima mbalimbali, maana wavamizi walichoma kilima kimoja kimoja, na mwenye ng'ombe wote nyumbani aliamka maskini. Nehemiya alikuja kambi ya wakimbizi ya Nakivale na akili hiyo hiyo. Ng'ombe watano walikuwa kijiji cha Masha kwa Muhirwa, mkimbizi mwenzake. Wanne walikuwa Kabingo kwa Kalisa, mwenyeji aliyekuwa rafiki yake wa mnadani. Na mbuzi aliwafuga mwenyewe Juru. Alipenda kusema kwamba amegawa mali yake mafungu matatu, na alilisema kwa majivuno ya kuudhi kidogo.

Alikuwa na ujuzi mwingine pia. Kwa miaka mingi sokoni aligundua kwamba bei ya mbuzi na bei ya ng'ombe hutembea pamoja, isipokuwa mara chache ambapo moja huitangulia nyingine. Krismasi ikikaribia, kila mtu anataka mbuzi na ng'ombe amesahaulika. Hapo Nehemiya aliuza mbuzi, akanunua dume ambalo bei yake imelala, akatulia. Sikukuu zikiisha, mbuzi hushuka, ng'ombe hupanda, pengo kati ya bei hizo linajifunga. Naye huuza dume na kurudi nyumbani na mbuzi wengi kuliko aliowauza. Hakuwahi kukosea. Kanisani walimwita profesa, naye hakuwakataza.

Shemeji yake Natanaeli, aliyeuza viatu vya mitumba mjini Mbarara, aliwahi kumwomba auze ng'ombe mmoja tu waingie ubia. Nehemiya alicheka hadi akakohoa.

"Shemeji, kiatu hakizalaka."

Kisha mkewe, Nyirabizimana, akaanza kutokwa damu. Uvimbe ulikutwa kwenye kizazi. Hospitali moja ya binafsi Mbarara ilikubali kumpasua, mradi malipo yatangulie, na malipo yenyewe yalikuwa bei ya ng'ombe wawili. Kwa mwenye tisa, hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi. Alimpeleka mkewe kwa Natanaeli, akamwacha na binti yao Liliane wa kumuuguza, akarudi kuuza.

Wiki hiyo hiyo ukatangazwa ugonjwa wa miguu na midomo. Karantini, wilaya nzima: mnyama wa kwato asihamishwe, asiuzwe, asichinjwe, awe ng'ombe au mbuzi.

Alipanda boda hadi Masha.

"Ndugu, ngombe zako ziko, unaziona," Muhirwa alimwambia. "Lakini soko balifunga, na polisi bako ku barabara. Ata mimi sina kitu."

Akaenda Kabingo.

"Mzee, hii kitu imeshika sisi wote," alisema Kalisa. "Mtu ya kununua hakuna."

Ng'ombe walikuwa pale zizini, wamenona, wanacheua bila wasiwasi. Hapo ndipo Nehemiya alipoelewa. Alikuwa amegawa ng'ombe, hakugawa hatari. Baba yake alikimbia moto, na moto huchagua kilima, karantini haikuchagua. Mafungu yake matatu yalikuwa fungu moja tangu mwanzo. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua! Alikula miaka yote kwa kujua kwamba mbuzi na ng'ombe hutembea pamoja, wala hakujiuliza hata siku moja itakuwaje siku wakianguka pamoja.

Kalisa akamletea mchinjaji mmoja aliyekuwa anachinja kwa siri vichakani. Mtu huyo alitoa robo ya bei, hakupandisha. Kupata bei ya ng'ombe wawili, Nehemiya angemkabidhi wanane. Alijitenga kando ya zizi, akampigia Liliane simu.

"Baba, uzisha tu. Mama anatoka damu mingi."

"Mwanangu, hii si bei. Ni pengo tu. Banasema karantini itaisha mwisho wa mwezi, na bei itarudi."

"Na kama hairudi?"

"Inarudiaka. Mimi nayijua."

Liliane akampa mama yake simu.

"Baba Liliane," alisema Nyirabizimana, kwa pumzi ya mtu anayepanda mlima, "ni wewe unajua mambo ya soko. Nitangoja."

Tusimwonee. Nehemiya hakuwa bahili, na mkewe alimpenda. Ila alikuwa amepatia kwa muda mrefu mno, na mtu wa namna hiyo hana pa kujifunzia woga. Alimrudisha mchinjaji mikono mitupu.

Mwisho wa mwezi ulifika na karantini ikaongezwa. Nehemiya akampigia Kalisa simu: mchinjaji aje, achukue wote tisa. Mchinjaji alikuwa amekamatwa siku mbili kabla. Huko Mbarara, Natanaeli aliuza viatu vyote kwa jumla, hadi meza na mwavuli, akapata nusu ya malipo. Hospitali ikaipokea nusu hiyo na mgonjwa akapewa kitanda. Kwa hiyo viatu visivyozaa ndivyo vilivyomfikisha kitandani. Lakini damu iliyobaki mwilini ilikuwa kidogo, na Nyirabizimana akafa wakati wauguzi wanamtayarisha kupasuliwa.

Walimzika Juru. Wiki chache baadaye masoko yalifunguliwa. Watu walikuwa na hamu ya nyama, na bei haikurudi tu, ilipita pale ilipokuwa. Hesabu za Nehemiya zilikuwa sahihi kabisa, na aliuchukia usahihi huo kama mtu anavyomchukia shahidi wa uongo.

Siku ya kumaliza matanga watu wa kanisa walijaa uani. Muhirwa alisimama, akatangaza kwamba anamfariji rafiki yake kwa mtamba mmoja. Kalisa naye, ingawa hakuwa wa kabila lao, akasimama na kutoa mwingine. Watu wakaitikia amina. Ikabaki Nehemiya ashukuru, kama inavyopasa mtu aliyepewa ng'ombe mbele ya watu. Akainuka na kofia mkononi. Maneno ya shukrani aliyajua tangu utotoni, lakini hayakutoka. Midomo yake ilicheza, macho yametazama mbali.

Liliane alikuwa mkekani pamoja na wanawake. Uso ule aliujua.

"Baba," alisema bila kupaza sauti, na wote wakasikia, "unapiga hesabu."

Nehemiya alimgeukia.

"Zinatosha, mwanangu," alisema. "Hizi mbili, ku bei ya leo, zinatosha operesheni ya mama yako."

Akakaa chini bila kushukuru, akalia kwa sauti mbele ya wageni wake.