Mama Hakusema Kitu

Jumapili ile, baada ya ibada ya pili, mashabiki wa Sakaya walikutana kwenye banda la video la Ephraimu, Daraja Mbili, wakiwa na nyuso za watu waliotoka kuzika. Arnold kinyozi alikuwa ameshika gazeti la juzi, amelikunja mara nne ili ionekane habari moja tu: mwongozaji maarufu wa filamu, Sakaya, anastaafu. Hatatengeneza nyingine. Anarudi Ngaramtoni kufuga ng'ombe wake.

Fransiska, muuza mitumba, alisema hajapata kusikia msanii akistaafu. Wanaostaafu siku hizi ni watu wa mashirika ya umma yaliyouzwa, tena hao hawastaafu, wanastaafishwa. Mtu mwenye kichwa kama kile, miaka hamsini na sita tu, anastaafu nini? Arnold akamwambia aache kelele, kwa sababu yeye alikuwa na habari za ndani. Sakaya, kwa mujibu wa Arnold, alikuwa ameshaandika filamu ya wakulima wa kahawa wa Akheri, na nyingine ya wachimba madini. Juu ya zote kulikuwa na ile ambayo Arusha nzima ilikuwa inaisubiri: pati tuu, yaani sehemu ya pili, ya filamu yake Kamba ya Ndama. Arnold hakuweza kusema habari hizo za ndani alizitoa ndani ya nini, lakini kinyozi huamini kila anachoambiwa na mteja ambaye yeye amemshikia wembe shingoni.

Ephraimu, ambaye kwa kawaida mdomo wake hauna likizo, alijifanya anafuta vumbi kwenye deki. Habari ile ya gazeti alikuwa ameisoma kabla yao wote, na tangu aisome alikuwa na shaka ambayo hakutaka kuitaja.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Kanda ikiwa ya Kihindi, ya Kichina au ya Kizungu, yeye alikaa pembeni na maiki, akashusha sauti ya filamu, akapandisha ya kwake, akawasemea wote: jambazi, askari, bibi harusi, hata mbwa. Asipoelewa alitunga. Watu hawakuja pale kutafuta ukweli, walikuja kumsikia Ephraimu, na Mchaga yule wa Machame alijua kuliza watu kama anavyojua jina lake.

Kisha ikaja Kamba ya Ndama. Sakaya aliitengeneza yote kwa Kimaasai, kama watu wa kabila lake, Waarusha, wanavyokisema. Ni hadithi ya mama aliyefiwa na kitinda mimba wake, akabaki na ndama ambaye kijana yule alikuwa anamlea. Aliyecheza mama ni mama mzazi wa Sakaya mwenyewe. Mwishoni bibi yule anaipa kamera mgongo, anamfunga ndama kwenye nguzo, na kwa dakika tatu nzima hasemi neno. Na kuanzia mwanzo hadi mwisho kijana yule hana jina. Anaitwa "mwanangu", basi.

Ephraimu alimkodi mchuuzi wa ng'ombe amweleze maneno, naye hakuridhika na vitu viwili. Dakika tatu za kimya? Banda lingepiga miluzi na kudai kanda ya ngumi. Na shujaa asiye na jina, huyo atakumbukwaje? Akambana mchuuzi. Mchuuzi akasita, akatazama mlangoni, kisha akamnong'oneza kwamba hadithi ile ni ya mdogo wake Sakaya, na jina la marehemu ni fulani. Mwanamume mzima ananong'ona jina la mtu mchana kweupe, na Ephraimu hakujiuliza kwa nini! Jina lenyewe mimi siliandiki hapa.

Kwa hiyo katika zile dakika tatu Ephraimu aliibana sauti ikawa ya bibi, akamwita kijana kwa jina lake mara tatu, aje amfunge ndama wake mwenyewe. Banda lote lililia. Kanda yenye sauti yake ikanakiliwa, ikafika Moshi, ikafika Babati na Namanga. Jina lile likaandikwa ubavuni mwa malori. Wachezaji wa mpira wakaitana hivyo. Kwa miaka miwili Ephraimu alitembea Daraja Mbili kifua mbele, akiitwa Sauti ya Sakaya.

Sasa katika kikao kile alikuwepo Simaloi, muuguzi wa zahanati moja ya Engutoto, Mwarusha, ambaye filamu aliiona mara ya kwanza mwezi uliopita, ikiwa na sauti ya Ephraimu. Aliwaacha Arnold na Fransiska wamalize kubishana, ndipo akasema.

"Kwetu mtu akifa, jina lake linakwenda naye. Siku hizi vijana hawajali, lakini wazee wanajali. Mama anaweza kukaa miaka thelathini asilitaje, na ukilitaja mbele yake umemfukulia kaburi. Sasa Sakaya amemsimamisha mama yake mzazi kwenye filamu, amwite marehemu wake. Wazee wamemgeuzia kisogo. Na nyie bado mnauliza anastaafu kwa nini?"

Arnold akageuka.

"Ephraimu, kwani pale mama anasemaje kwa Kimaasai chenyewe?"

Hapo ndipo mlango wa kukiri ulipofunguka, na mtu mwenye haya angepita. Ephraimu alitazama nyuso zile zilizomwamini miaka yote, akaona zitakavyokuwa akisema.

"Anasema hivyo hivyo," akajibu. "Mimi natafsiri tu."

Fransiska akasonya, akasema basi Sakaya naye hana adabu, ni heri astaafu. Wawili watatu wakaunga mkono. Ephraimu akawa anamsikia mtu asiye na kosa akisemwa, ndani ya banda lake, kwa dhambi yake, na bado hakufungua mdomo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ephraimu alikuwa amejikwaa ulimi mara mbili, na safari hii hakuwa na kisingizio cha kutojua.

Arnold hakukata tamaa. Iliandikwa barua ya kumsihi Sakaya asistaafu, na kwa kuwa hakuna mwenye sauti nzuri kuliko Ephraimu, wakamtuma yeye akaisome. Simaloi angemsindikiza kwa ajili ya lugha.

Jumamosi iliyofuata walimkuta Sakaya nyumbani kwake Ngaramtoni, mtu mrefu mwenye kofia ya pama, mpole kuliko picha zake. Walimwamkia shikamoo, akawatolea viti uani, wakaletewa chai ya maziwa. Upande wa pili wa ua, mama yake alikuwa anashughulika na ndama. Ephraimu alikohoa, akaanza: "Sisi mashabiki wako wa Daraja Mbili..."

Hakufika mstari wa tatu. Bibi alikuwa ameinuka, kamba mkononi, anamtazama. Akasema maneno machache kwa Kimaasai. Simaloi alichelewa kuyatafsiri.

"Anasema sauti hii anaijua. Aliisikia sokoni, kwenye kibanda cha kanda. Ilikuwa inamwita mwanawe."

Barua ilimtoka Ephraimu mkononi. Akapiga magoti palepale kwenye samadi, akasema yote: mchuuzi, dakika tatu, sauti aliyoibana, na jinsi alivyoulizwa Jumapili ile mbele za watu akamsingizia Sakaya. Alisema kuwa ana aibu. Alisema sana, maana kusema ndiyo kazi anayoijua. Simaloi alimgeukia bibi, akatamka sentensi moja fupi.

"Nimesema mengi kuliko hayo," Ephraimu akalalamika.

"Nimempa yanayomtosha."

Bibi akawapa mgongo, akainama, akaendelea kumfunga ndama kwenye nguzo.

Ephraimu akasubiri. "Anasemaje?"

"Hajasema kitu," Simaloi akamjibu.

Ulimi ulimwasha, lakini safari hii aliubana. Alimsikia ndama akipumua. Alisikia upepo kwenye mabati, na mahali fulani chini bondeni, kengele ya ng'ombe. Miaka miwili alikuwa ameionyesha filamu ile, na hakuwa amewahi kuisikia.

Sakaya aliokota barua, akaikung'uta vumbi. Alisema alishajua, aliwahi kuketi nyuma kabisa ya banda lile akaona watu wanavyolia. Lakini angewaambia nini wazee? Kwao filamu ni yake, na kila kinachosikika humo ni chake. Mama alikubali kucheza kwa sharti moja tu, jina lisitajwe, na sharti lilivunjwa.

"Ya Akheri nimeshaiandika," alisema. "Lakini siwezi kushika kamera wakati mama hanipi baraka. Kesho Jumapili waonyeshe watu wako filamu kama nilivyoitengeneza. Kwanza waambie ukweli. Nitakuja. Nikirudi nimwambie mama kwamba watu wamenyamaza pamoja naye, huenda akaniruhusu. Ikishindikana, basi."

Jumapili saa nane mchana banda lilijaa hadi mlangoni. Sakaya aliketi nyuma, kofia magotini, Simaloi pembeni yake, na watu walipomwona walipiga vigelegele. Fransiska, aliyesema astaafu, alikuwa wa kwanza kumpa mkono, na alikuwa amemleta mama mkwe wake amwone mtu maarufu.

Ephraimu alisimama na maiki. Maneno alikuwa nayo, ameyarudia usiku na asubuhi. Lakini watu wakaanza kuimba, Sauti ya Sakaya, Sauti ya Sakaya, na Arnold anapiga makofi kuliko wote. Moyo ukamyeyuka. Alijiambia kwamba kimya chenyewe kitamsemea, kwamba wakiona hakuna neno wataelewa wenyewe, na yeye hatahitaji kusimama uchi mbele yao. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

"Leo mwishoni sitatafsiri," alisema. "Tutanyamaza wote."

Wakacheka, wakadhani ni mbwembwe. Simaloi aliinamisha kichwa.

Filamu ikaenda. Ilipofika mwisho, bibi akaipa kamera mgongo, na Ephraimu akazima maiki, akaiweka chini, akapandisha sauti ya filamu. Ndama akapumua. Kengele ikalia bondeni. Dakika moja ikapita na banda limetulia tuli, na Ephraimu akaanza kuamini kwamba ameokoka.

Arnold alikuwa kiti cha mbele, machozi yakimtoka. Yeye alielewa kwamba Ephraimu amewaachia mashabiki nafasi yao, kama mwimbaji anavyowaachia watu kiitikio. Akaibana sauti ikawa ya bibi, akaliita jina. Banda zima likapokea. Waliliita mara tatu, wake kwa waume, kwa sauti ileile, kwa kituo kilekile, kama walivyofundishwa. Hata mama mkwe wa Fransiska aliliita.

Ephraimu alinyakua maiki. "Hakusema," alipaza sauti, "mama hakusema kitu, nilisema mimi." Lakini maiki ilikuwa imezimwa, na makofi yalikuwa yameshaanza. Alipopata kitufe, kanda ilikuwa imekwisha, mlango umefunguliwa, na Sakaya alikuwa anatoka kwenye jua akivaa kofia yake. Simaloi alimfuata. Hakuna aliyegeuka.

Arnold alikuja kumkumbatia, uso umelowa. "Umemwona alivyoguswa? Ameshindwa hata kukaa. Kaka, huyu hastaafu tena. Pati tuu hiyo inakuja."

Ephraimu alimshika mkono, akamkalisha kwenye benchi, akaanza kumweleza tangu siku ya mchuuzi. Ilibidi arudie kila sentensi mara mbili, kwa sababu nje watu waliotoka bandani walikuwa bado wanaliita lile jina barabarani, na Arnold alikuwa hamsikii vizuri.