Kilima cha Kuazima

Nimesimama mbele ya wakwe mara kumi na saba, na mara zote kumi na saba tumerudi na jibu zuri. Sijisifu. Hapa Louisville ukisikia Wakongo wanakwenda kuposa, uliza msemaji wao ni nani. Wakikuambia siyo Marcellin, jua nilikuwa na zamu ghalani. Nina suti ya kijivu ya kazi hiyo, nina sauti yake, na nina kilima.

Kilima kiko Walungu, Kivu ya Kusini, nilikozaliwa. Kwenye kila posa nakisimulia: chemchemi isiyokauka, majani ya kunenepesha ng'ombe, na babu aliyekataa katakata kumpa Mbelgiji fahali wake mweusi. Wakwe hupenda sana habari za fahali. Tatizo ni moja tu, na bora nilitaje mwenyewe. Kijana akiwa mtu wa Fizi, nampa kilima changu, nasema kiko Fizi. Akiwa wa Uvira, nampa. Yuko mmoja aliyezaliwa kambini Nyarugusu na hajawahi kuiona Kongo hata kwa mbali, naye nilimpa, na shangazi zake wakapiga vigelegele. Watoto wetu wamekulia kambini na kwenye apatimenti. Mkwe akiuliza kwao ni wapi, waseme nini? Basi nawaazima kwetu. Dhambi iko wapi?

Mara ya kumi na nane ilikuwa ya Gloire, mtoto wa marehemu dada yangu Nabintu. Gloire ana miaka ishirini na minne, na alikuwa amempenda Fides, binti wa Sipriani, Mrundi anayefanya kazi kiwandani Tonawanda na kukaa Black Rock, huko Buffalo. Mambo ya mahari wazazi walikwisha kuyamaliza kwa simu. Lakini Sipriani alimwambia kijana waziwazi kwamba neno la mwisho ni la mama yake, Bibi Kostansia, na Bibi amesema hamtoi mjukuu wake kwa kijana asiye na kwao. Yeye mwenyewe amehama nchi tatu na kambi nne. Amechoka kuona watoto wake wanaelea.

Gloire alikuja kwangu Highview na habari hiyo. Alikaa kwenye kochi langu bila kuvua koti.

"Tonton, mjomba wangu," aliniambia, "nikimkosa Fides, sijui nitafanya nini."

"Weye lala usingizi," nilimjibu. "Kwenu kuko. Miye njo nitakuonyesha."

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, Gloire kwenye usukani, baba yake Zihindula mbele, mimi nyuma na suti yangu imening'inia dirishani. Columbus tulimpitia Clémence, dada yake Zihindula, ambaye huwauguza wazee kwenye nyumba yao ya matunzo na kwa hiyo haogopi mzee yeyote. Hata mkanda hakuwa amefunga.

"Marcellin, safari hii usilete ile kilima yako."

"Ju ya nini?"

"Ile koko, bibi ya Fides, haiko natafuta ng'ombe. Iko natafuta kujua mtoto alikomalia wapi. Na mtoto alikomalia Tarlow. Gloire, ambia tonton wako mambo ya kule."

Hapo nikanuna. Tarlow ni kaunti ya mashambani, saa mbili kusini mwa Louisville, mahindi kulia, mahindi kushoto, na katikati kiwanda cha kuku. Zihindula na dada yangu waliajiriwa kiwandani humo Gloire akiwa na miaka minne, wakakaa huko miaka kumi na moja, mpaka Nabintu alipougua na kufa. Mimi nilitaka azikwe Louisville, karibu na watu wanaojua kulia kwa lugha yetu. Zihindula na mtoto wakasema hapana, abaki pale. Niliondoka mazikoni kabla udongo haujaisha kurudishwa, na kwa miaka tisa sikukanyaga tena. Nilimsamehe shemeji yangu. Ile kaunti sikuisamehe.

Lakini gari ni gari, huwezi kushuka. Gloire alianza kusimulia tangu Columbus. Alipokuwa darasa la nne mwalimu aliwakaririsha historia ya kaunti nzima, na kumbe haikumtoka hata kidogo: korti, daraja, mkunga, mhunzi, nyumbu, makanisa. Nilisikiliza nusu nusu kama mtu anayesikiliza matangazo ya mvua. Kila alipofika kwenye habari za mama yake, nilimwomba aongeze redio.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa sebuleni kwa Sipriani. Wao wamekaa upande wa dirisha, sisi upande wa mlango, katikati meza ya Fanta na mishikaki. Bibi Kostansia alikaa kwenye kiti cha peke yake, mdogo wa umbo, kitenge kimefungwa kifuani, macho hayapepesi. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Fides aitwaye Yonasi, dereva wa lori, mtu wa tabasamu refu. Nilimwona nikasema moyoni, huyu nitamla mapema.

Nilisimama. Mtu yeyote anajua kwamba bwana harusi hatoi sauti siku hiyo, kwa hiyo Gloire aliinamisha kichwa na kuniachia uwanja.

"Bon, bazazi betu, shiye tulitoka mbali," nilianza. "Huyu mtoto muko naona hapa iko na kwao. Kwao ni kilima moja ya Walungu..."

Clémence aliguna. Sikumjali. Niliteremsha chemchemi, nikateremsha majani, nikaanza kumfukuza Mbelgiji, na nilipofika kwa fahali mweusi Yonasi akanyoosha kidole.

"Samahani, mzee wangu. Huyu fahali namfahamu."

"Namna gani?"

"Mwaka juzi Columbus, uliposimama kwa ajili ya kijana wa Fizi aliyemwoa binti ya jirani yangu. Nilikuwepo, nilikula pilau. Kilima kilikuwa hiki hiki, chemchemi hii hii, Mbelgiji huyu huyu. Sasa tuambie, yule fahali alihamia Walungu lini? Au walizaliwa pacha?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Hata Zihindula, shemeji yangu, baba wa mwenye posa, alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilisimama pale, jasho limejaa kwenye kola. Niliona aibu, tena aibu ya haki.

Bibi Kostansia hakucheka. Aliinua mkono, kicheko kikakatika.

"Mimi sikuuliza habari za ng'ombe," alisema. "Nimeuliza kijana huyu kwao ni wapi. Kama hana, semeni hana, tunywe soda tuagane vizuri."

Nilimtazama Gloire. Alikuwa amekunja ngumi juu ya magoti, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku aliyokaa kwenye kochi langu. Kwa sababu ya kiburi changu mtoto wa dada yangu alikuwa anakosa mke mbele ya macho yangu.

"Mama, minaomba ruhusa nianze tena," nilisema. "Kwao ni Tarlow."

"Tarlow ni wapi?"

Basi nikaanza kukusanya yale ya ndani ya gari. Niliwaambia kuna korti ya matofali katikati ya mji, saa yake ya mnarani imesimama tangu ilipopigwa na radi, na watu hawataki itengenezwe kwa sababu kila mtu ameshazoea kubishana nayo. Kuna daraja la mbao lililoezekwa paa kama nyumba, ili mvua isiliozeshe. Kuna mkunga wa zamani, Celia Pruitt, aliyevuka mto usiku na mchana juu ya nyumbu mweupe, yule mtoto wa punda na farasi, akapokea watoto zaidi ya elfu, na wengine aliwapokea wao, kisha akawapokea na watoto wao. Halafu nikasema kwamba yule nyumbu ndiye aliyejenga kanisa la mawe. Gloire akakohoa sana. Clémence akaninong'oneza, "Mhunzi! Mhunzi!"

"Mhunzi," nilisahihisha. "Moses Tandy. Alizaliwa mtumwa. Alifua vyuma Jumapili, siku yake ya mapumziko, miaka kumi na minne, akajinunua mwenyewe, kisha akamnunua mke wake. Halafu akajenga kanisa kwa mawe ya mtoni, jiwe kwa jiwe, na mpaka leo watu wanasali mle."

Nilikuwa nimeanza kwa kulazimishwa, lakini nilipofika kwa mhunzi huyo nilijisikia nimepaza sauti yenyewe, ile ya kazi. Mtu aliyejinunua ni mkubwa kuliko babu yangu na fahali wake, naomba babu anisamehe. Upande wa dirisha waliweka chupa za Fanta chini. Yonasi mwenyewe aliacha kutabasamu, akawa anasikiliza.

Bibi Kostansia alitikisa kichwa taratibu.

"Vizuri. Hao ni watu wa wenyewe. Watu wenu pale ni nani?"

"Namna gani, Mama?"

"Mtu anaweza kupita mahali miaka kumi na moja akawa mpita njia tu. Mimi nimepita hivyo kambi nne. Nani wenu amelala pale?"

Hilo swali sikuwa nimejitayarisha nalo. Nilikuwa nimelikwepa miaka tisa. Nilishika mgongo wa kiti cha Zihindula.

"Dada yangu," nilisema. "Nabintu. Mama ya huyu mtoto."

"Alikuwa mtu gani?"

"Alikuwa mkali," nilisema, na watu wakatabasamu kidogo. Nikaendelea. Niliwaambia habari ya mafuriko, miaka mitatu kabla hajafa. Mto ulipanda, umeme ukakatika, watu mia tatu wakakimbilia lile kanisa la mawe juu ya mwinuko, na wakakaa humo wanatazamana. Walikuwa watu wema lakini hawajawahi kukimbia nyumba zao hata siku moja. Hawakujua mtu anaanzaje. Dada yangu alijua. Kambini alikuwa kiongozi wa wapishi. Aliingia na gauni limelowa, akaomba sufuria kubwa kuliko zote, akaweka mawe matatu nje chini ya banda, akawapanga mstari: watoto, wagonjwa, wazee, halafu wengine. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno hamsini. Alimtuma mkuu wa kaunti kuni, na mkuu wa kaunti akaenda. Siku nne walikula maharage na ugali kwa mkono wake, na hakuna aliyelala na njaa.

"Alipokufa walikuja wote," nilisema. "Walimpa nafasi katikati ya makaburi yao. Miye nilikasirika. Nilisema banamuchukua dada yangu. Sikurudi kule. Miaka tisa, Mama, sijarudi hata siku moja, na nilimpenda sana."

Machozi yalinitoka. Msemaji gani huyo anayelia kwenye posa? Nilitafuta leso mfukoni nikaikosa. Ndipo Gloire akasimama, bwana harusi, siku ambayo hapaswi kutoa sauti.

"Picha ya mama iko ndani ya korti," alisema. "Kuna ukuta wa watu wakubwa wa kaunti. Walimuweka mwaka jana, kati ya Celia Pruitt na mhunzi. Wameandika jina lake sawasawa, na chini yake wameandika kwamba alitulisha. Tonton, nilitaka kukuambia, lakini kila nikitaja mama unaomba redio."

Hakuna aliyemkemea kwa kuvunja desturi. Zihindula alimshika mwanawe mkono. Mimi nilikaa chini. Niliona aibu, na papo hapo niliona fahari ambayo sijawahi kuiona kwa kilima chochote. Dada yangu, ukutani, miongoni mwa wakubwa.

Bibi Kostansia alijikokota akasimama. Fides alitoka jikoni mbio kumshika, Bibi akamkataza.

"Mume wangu nilimzika kambini, Kasulu," alisema. "Kambi ikafungwa, miti ikaota. Leo ukinirudisha pale siwezi kukuonyesha alipolala. Watoto wangu hawana pa kuweka ua." Alimgeukia Sipriani. "Hawa wana kaburi la kufikika kwa gari, na wenye mahali wanalijua jina. Unataka kwao gani zaidi ya hapo? Mpe kijana mke."

Vigelegele vya Warundi na vya Clémence vilipanda pamoja. Yonasi alikuja akanikumbatia, akanipa leso yake, akaniambia yuko tayari kumsahau fahali. Fides alikuwa ameshamfikia Gloire, na hakuna aliyewatenganisha.

Bibi alivuka sebule, akaja kusimama mbele yangu.

"Mjukuu wangu hawezi kuingia nyumba ya watu bila kumsalimu mama mkwe," alisema. "Nami nitamsindikiza. Mtatupeleka lini?"

"Jumamosi ijayo, Mama."

"Njia unaijua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi wangu wa miaka yote ulikuwa tayari kabisa.

"Hapana," nilisema. "Mkwe wako ndiye atanionyesha."