Paneli Iliyotakiwa Kutazama Barabara

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa sita. Sindano alikuwa juu ya paa la mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa chini akimfundisha kazi.

"Siyo hapo! Njoo huku mbele, upande wa barabara!"

Jina la Sindano alipewa na wenzake wa chuo cha ufundi, kwa sababu alishona nguo miaka kumi na mmoja kabla ya kuweka cherehani pembeni na kwenda kujifunza umeme wa jua. Hata sasa utepe wa kupimia ulining'inia shingoni, na alilipima bati kama anayepima mabega ya bwana harusi.

Siku hiyo ilikuwa ya mtihani wake wa mwisho. Kila mwanafunzi alitakiwa ajitafutie mteja, amfungie paneli, betri na taa tatu, kisha saa nane mtahini aje na mita yake ya kupimia umeme. Nusu ya alama ilitoka kwenye mita, nusu nyingine ilitoka kinywani mwa mteja, na ukikosa upande mmoja umeanguka. Waliofaulu walikuwa wakisubiriwa na kampuni iliyokuwa ikiweka umeme kwenye zahanati. Walioanguka wangekaa mwaka mzima kabla ya kujaribu tena.

Sindano alikuwa amewaomba watu watatu. Wa kwanza alisema bati lake ni jembamba. Wa pili alisema atamuuliza mkewe, na mkewe akasema amuulize mumewe. Wa tatu alicheka mpaka akapaliwa. Ikabaki nyumba ya mama mkwe, muuguzi mkuu mstaafu, ambaye enzi zake hata madaktari walipunguza sauti alipopita.

Tangu asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Betri ilikuwa imekaa mahali pake, nyaya zimepita, taa za sebule na jikoni ziko tayari. Imebaki ya stoo, na paneli yenyewe.

"Mama, upande wa barabara haufai," Sindano alisema. "Lile ghorofa la mwenye duka linaleta kivuli. Kuanzia sasa mpaka jioni jua liko uani."

"Uani? Nani ataiona huko? Kuku?"

Mume wa Sindano, dereva wa lori aliyeomba ruhusa ya siku moja ili ashike ngazi, alikohoa. "Mama, mimi naona mwenzangu ana..."

"Wewe shika ngazi."

Akashika ngazi.

Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Watu walifunga paneli upande wa barabara, jua lipende lisipende, kwa kuwa paneli ilikuwa kitu cha kuonekana, sawa na geti jipya. Kila Jumamosi waliziosha kwa sabuni zikang'aa, na kila jioni, hata kabla ya chakula kuiva, taa zao zilikuwa zimefifia, nyekundu kama macho ya mlevi. Mama mkwe hakutaka kuachwa nyuma.

Sindano alipiga hesabu. Akimtii mteja, mita itamwangusha. Akilitii jua, mteja atamwangusha, na mteja mwenyewe ni mama mkwe. Alishuka.

"Mama, nipe dakika kumi. Ukiona nakudanganya, naifunga unapotaka."

"Kumi. Saa yangu haichelewi."

Wakaiegemeza paneli mbele ya nyumba, kwenye kivuli cha ghorofa. Sindano akatoa feni ndogo mkobani na kuiunganisha. Feni ilijivuta nusu duru kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, ikasimama. Kisha Sindano na mumewe waliibeba paneli mpaka uani. Mama mkwe akawafuata, amebeba kiti chake mwenyewe, akaketi mbele ya feni.

Waya ulipogusa, feni ililia vuuu, ikampeperusha kitambaa cha kichwa mpaka kikamwangukia mabegani.

"Hee!" Mama mkwe alikidaka, akacheka, kisha akakunja uso haraka. "Rudisheni kule."

"Kule tena, mama?" mwanawe aliuliza.

"Wodini hatukupima homa mara moja tukaridhika."

Wakairudisha. Feni ikalala. Wakaileta uani. Feni ikalia. Mama mkwe akaiziba paneli kwa viganja vyake, akaviondoa, akaziba tena, akicheka kama msichana. Safari ya tatu mwanawe alikuwa analowa jasho.

"Mama, hili siyo gunia la mkaa."

"Nyamaza, tunapima."

Mwishowe alisimama. "Haya, uani. Lakini ile taa ya stoo siitaki. Ifunge nje, juu ya mlango wa barabarani. Paneli hawataiona, basi wauone mwanga."

Sindano alipima kwa utepe. Waya ulipungua mkono mmoja. Akaufumua wote, akaupitisha njia ya mkato juu ya dari, kama anavyobana kitambaa kidogo kikatosha gauni. Kisha akapanda na paneli. Nati ya mwisho ilikuwa inakazwa pikipiki ya mtahini iliposimama mlangoni.

Mtahini alikuwa mtu mkavu asiye na maneno. Alipima, akaandika. Akapima tena, akaandika. Kisha akamgeukia mteja. "Umeridhika na kazi?"

"Anakanyaga bati langu kwa kishindo," mama mkwe alisema. "Ameacha vumbi la drili sebuleni. Na anabisha."

Huko juu, Sindano aliishika paneli kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hujaridhika?"

"Nimesema hivyo mimi? Andika vizuri, baba. Anabisha kwa ushahidi. Miaka thelathini nilitafuta wauguzi wa namna hiyo, nikapata wawili. Huyu ni wa tatu."

"Mama, hapa pana nafasi ya ndiyo au hapana tu."

"Basi andika ndiyo, kwa herufi kubwa."

Mtahini aliinama kuandika, na hapo ndipo walipoona ana meno. "Fundi," akaita akitazama juu, "umepita pande zote mbili. Jumatatu kampuni inakutaka."

Sindano aliketi palepale juu ya bati la moto, akaona linaunguza, akaruka huku akicheka. Mumewe alipiga vigelegele kwa sauti yake nene ya dereva mpaka mwenye duka akatoka nje.

Mama mkwe alikwenda mbele ya nyumba, akawasha taa ya mlangoni mchana kweupe, akasimama chini yake. Kila aliyepita alisalimiwa mara mbili, mpaka atazame juu.

"Kafunga mkwe wangu," alikuwa akisema. "Fundi. Wa zahanati."

Sindano hakumwambia azime. Betri ilikuwa inajaa.