Gari Iliyochelewa

Florentine alitafuta gari ya kubeba abiria kati ya Sange na Uvira, na wauzaji wawili walimganda. Mahamudi alisifu Carina yake kuukuu: injini ya lita moja na nane, nguvu za farasi mia na kumi na tano. Corolla ya Vainqueur ilikuwa na lita moja na tatu tu, farasi themanini na sita, lakini haikunywa mafuta sana.

Farasi hao walimchosha Florentine. "Kesho mutoke Sange saa mbili kamili, munikute hapa Uvira, Kilibula. Nitajionea mwenyewe."

Carina ilifika kwanza, tupu, haina hata vumbi kwenye viti. Mahamudi akaanza kutafuta kalamu ya kuandikia mauzo. Corolla ikaja saa nzima baadaye, imelala nyuma kwa uzito wa wanawake wanne na magunia yao ya muhogo.

"Unisamehe, mama," alisema Vainqueur. "Niliwakuta barabarani. Ningewapita namna gani?"

Kabla Florentine hajamjibu, mmoja wa wale wanawake alitoa kichwa dirishani. "Shofa, na kurudi Sange, gari iko inatoka saa ngapi?"

"Saa tisa," akajibu Florentine.