Karatasi ya Kasereka

Kasereka alikimbilia Kampala mwaka 1964, vita vilipofika kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, na mama yake akafukiwa katika shimo moja pamoja na majirani. Chuo kimoja cha udaktari kilimpa kazi ya kuosha na kutunza maiti ambazo wanafunzi hujifunzia. Hakuoa. Hakuwa na ukoo mjini. Kwa hiyo siku moja alimwomba mkuu wa chuo karatasi, akaandika kwamba akifa, mwili wake uwe wa chuo.

"Kwetu ni mbali," alimweleza Akwero, jirani yake wa Nsambya. "Nani atanisafirisha? Hapa angalau nitafaa."

Akwero alishika kichwa. "Mtu asiyezikwa hatulii! Tutakuzika kwetu Gulu, shemeji." Mumewe Ojok, karani wa polisi, akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Mwaka 1973 wanajeshi walianza kuleta maiti chuoni kwa lori, mchana kweupe. Mkuu wa chuo alikataa kupokea mwili usio na hati ya ridhaa ya mwenyewe. Juma lile lile alifukuzwa nchini. Sajenti Marjan akapekua kabati lake, akaibuka na karatasi ya Kasereka.

"Hii ndiyo nataka," akasema. "Sisi tapiga chapa mingi. Wewe naandika jina, shahidi."

"Afande, watu hawa sikuwaona wakiwa hai."

"Unataka fuata wao, uliza?"

Kasereka akaandika. Siku ile aliandika mara saba.

Alhamisi moja alifunua turubai akamkuta Ojok, matundu mawili kifuani. Akwero alikuwa amemtafuta siku tisa, kuanzia gereza la Luzira hadi kambi za jeshi. Kasereka akapiga magoti.

"Afande, huyu mmoja tu nisimwandikie."

Marjan alimwita askari. Askari akashika kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Kasereka, akakivunja polepole kama kijiti cha kuni.

"Mkono ya kuandika bado mzima," akasema Marjan.

Kasereka akatia sahihi. Lakini alipofika nyumbani alimwambia Akwero mumewe alipo. Jina lake mwenyewe, lililokuwa kwenye karatasi kama shahidi, hakulitaja.

Asubuhi Akwero alifika chuoni, akapelekwa kwa mkuu mpya, aliyewekwa na wanajeshi. Askari alisimama mlangoni. Kasereka naye akaitwa.

"Mumeo alijitolea kwa hiari," mkuu alisema, akimsogezea karatasi. "Dole gumba lake hili."

"Mume wangu alikuwa karani! Angewekaje dole gumba?"

"Shahidi yupo."

Akwero akasoma jina. Akageuka taratibu.

"Kasereka, ulimwona akikubali?"

Askari aliacha kutafuna muwa.

"Nilimwona," Kasereka akajibu.

Akwero hakulia. Walipotoka nje, maneno yalimtoka kama anayehesabu pumzi. "Najua wamekulazimisha. Sitakusamehe, lakini najua. Nifanyie hili moja: uso wake wasiuguse mpaka niwaondoe watoto mjini. Sitaweza kuwapikia nikijua anakatwa uso."

"Hawataugusa. Naapa."

Jumatatu somo lilikuwa la kichwa na shingo. Mwalimu alipita kati ya meza, akachagua mwili uliokuwa bado haujaguswa. Kasereka alisema kwamba huyo ameanza kuharibika. Mwalimu alifunua, akanusa, akamtazama kwa mshangao.

"Huyu ndiye mzuri kuliko wote. Mshike asitikisike."

Kasereka akamshika Ojok mashavu kwa mikono miwili, kile kidole kilichofungwa kitambaa kikiwa kimesimama kando. Wanafunzi wakasogea. Mmoja wao aliomba kuanza yeye.

Jioni alimkuta Akwero uani, akikunja godoro. Basi la Gulu lilikuwa la kesho yake.

"Umewazuia?"

"Nimewazuia."

Akwero akashusha pumzi, akampa ncha moja ya kamba. Wakafunga godoro pamoja.