Saa Mia Tatu za Waya

Freny alikuwa amebakiwa na sikio moja tu. La kushoto lilikufa utotoni kwa surua, na nyuma ya la kulia sasa kulikuwa na uvimbe. Alhamisi anapasuliwa, na daktari hakumficha: kusikia kutakwenda na uvimbe. Basi akawa na ombi moja kwa mumewe, amsikilizishe ile kanda ya marehemu binti yao, Zerine, akipiga piano.

Ombi dogo, utasema. Ah, humjui Noshir!

"Ngoja nyaya zitulie," alisema.

Alikuwa amenunua nyaya mpya za spika, nene kama mkia wa paka. Pale kwenye makazi yetu ya Waparsi, Bombay, kila mwendawazimu wa muziki atakuapia kuwa waya mpya ni kama kiatu kipya, sharti ulainike kwanza. Saa mia tatu za kupitisha muziki, mchana na usiku, bila kuguswa. Ukiugusa tu, hesabu inaanza upya. Noshir alizilaza juu ya vibao, akazifunika shuka jeupe, na watu wakawa wanapita kwa kunyata. Mgonjwa wa nyumba ile hakupata kufunikwa hivyo hata siku moja.

"Zimebaki saa ngapi?"

"Nyingi. Zitatimia Jumamosi."

"Jumamosi nitakuwa kiziwi, baba Zerine!"

"Usinipigie kelele. Kanda imechakaa, itazunguka mara moja tu ikatike. Unataka nimpoteze mtoto kwenye waya mbichi?"

"Mwanangu ningemjua hata kwenye redio mbovu."

"Wewe? Tangu lini ukawa na sikio?" Akacheka, akatia mfukoni ufunguo wa kabati la kanda.

Freny alimchukia palepale, chuki safi isiyo na machozi. Jumatano jioni Noshir alipokwenda hekalu letu la moto kumwombea, Freny alizima mashine ya muziki, akapiga magoti na kufunua shuka. Akachomoa nyaya. Waya wa pasi iliyoungua akaukata vipande viwili, akauunga mahali pake, akafunika, akawasha.

Alhamisi wakampasua.

Noshir alimngoja arudi, hilo tumpe. Alimkalisha kwenye kiti cha katikati, bandeji kichwani, akamwita na rafiki yake Kersi, kisha akaweka kanda. Freny aliyaona magurudumu yakizunguka. Aliwaona wanaume wawili wakifumba macho, Kersi akitikisa kichwa, Noshir akilia kama mtoto. Yeye hakusikia hata mlio mmoja. Kisha kanda ikakatika, ncha yake ikawa inachapa hewa.

Noshir alifuta machozi, akaandika kwenye daftari: *Nyaya zimelainika! Zerine alikuwa humu ndani.*

Freny alilisoma mara mbili. Akavuta mkoba wake wa hospitali, akatoa zile nyaya nene, zimeviringwa vizuri, akamwekea mumewe mapajani.

Noshir alizitazama. Akalirukia shuka, akalivuta, na pale sakafuni akauona waya wa pasi, wa kahawia, una alama ya moto. Akamgeukia mkewe, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo unafumbuka na kufumbika.

"Andika, Noshir," alisema Freny. "Sisikii."