Ada ya Kufuatwa Nyumbani

Fundi Spoku alikuwa na wivu tangu siku ya kwanza ya ndoa, na alijua hivyo. Mkewe akicheka na muuza mkaa, yeye roho juu. Wateja waliomletea baiskeli zenye pancha walimtania, naye alicheka nao kwa shingo upande.

Mkewe alikuwa mpimaji wa sufu. Alifanya kazi kwenye kituo ambacho kila mfugaji wa kondoo lazima apitie kabla ya kuuza, maana sufu mbichi isiyo na cheti hakuna mnunuzi anayeigeukia. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unachukua bomba refu la chuma lenye ncha kali, unalizamisha katikati ya robota la sufu iliyofungwa, unalitoa limejaa manyoya, kisha unayapeleka maabara yakapimwe wembamba wa nyuzi, mafuta na uchafu. Miaka yote mpimaji ndiye aliyewafuata wafugaji makwao. Basi mkewe alikuwa mtu wa njiani, leo zizi hili, kesho lile, na Spoku alibaki kibandani akiziba pancha na kuwaza.

Siku moja kituo kikabandika viwango vipya vya ada. Atakayeleta marobota yake kituoni atalipa kidogo kuliko zamani. Atakayetaka mpimaji amfuate nyumbani, alipe ada ya safari, na ada hiyo ilikuwa imepaa mpaka watu wakashika vichwa. Wafugaji walilalamika. Spoku peke yake alifurahi kimoyomoyo. Sasa mke wake angekaa ofisini kama watu wengine.

Furaha yake ilikatwa na Shangazi. Huyu hakuwa shangazi wa mtu pale, ila kila mtu alimwita hivyo: mama wa makamo, mwenye kondoo wachache na ulimi usio na breki. Alifika kibandani akikokota baiskeli iliyopinda rimu ya nyuma kama kikaango.

"Nini tena, Shangazi?"

"Sufu hiyo, mwanangu. Nimeipakia mwenyewe kuipeleka kituoni. Kwenye ule mteremko tukaenda chini wote, mimi, baiskeli na robota." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha goti lililochubuka. "Enzi za mkeo kuja nyumbani nilikuwa namkaribisha chai, yamekwisha. Siku hizi anakwenda kwa mtu mmoja tu."

Spoku akaacha kugeuza rimu. "Mtu gani?"

"Yule mgane mwenye geti la kijani. Analipa ada yote, wala habishani. Jana tu nimemwona mkeo anaingia." Shangazi akamtazama usoni, akajikuna shingo. "Lakini kazi ni kazi, mwanangu. Usije ukanisema kwamba nimekwambia."

Spoku aliinyoosha ile rimu kwa hasira mpaka ikapinda upande wa pili.

Jioni alimwangalia mkewe akivua viatu vya kazi, akatafuta ishara, hakuiona. Nguo ni zile zile, zinanuka kondoo. Akauliza kijuujuu, "Siku hizi si mnakaa ofisini tu?"

"Mara nyingi," mkewe akajibu, akaenda kuinjika maji.

Hilo "mara nyingi" lilimla Spoku usiku kucha na siku zilizofuata. Mtu anatoa pesa yote ile ili aone robota likitobolewa? Hata kama ni tajiri, tajiri gani asiyependa nafuu? Aliposikia mkewe akisema asubuhi moja kwamba ana safari, alifunga kibanda, akapanda baiskeli ya mteja na kumfuata kwa mbali.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Sauti zilitoka kwenye banda la sufu, naye akanyata mpaka mlangoni. Mkewe alikuwa ameegemea bomba kwa uzito wake wote, mgane ameshikilia robota lisiteleze. Hawakugusana. Kati yao kulikuwa na sufu ya kutosha kuvisha kijiji. Mgane aliuliza kwa nini kondoo wa bondeni wana nyuzi nene, na mkewe akamweleza, kwa mikono, kwa macho, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema nyumbani kwa mwezi mzima. Kisha mgane akasema jambo, na mwanamke yule akacheka.

Spoku aliujua ule mcheko. Ulikuwa wa siku za uchumba.

"Hodi," akasema, akaingia kabla hajaitikiwa.

Mkewe aliinua uso, hakushtuka. Mgane ndiye aliyebabaika. Akafuta mikono kwenye suruali. "Karibu, shemeji. Karibu chai."

"Shemeji wa nani?" Spoku akafoka. "Wenzako wote wanapeleka mizigo kituoni. Wanaanguka nayo, wanaumia. Wewe una nini mpaka ufuatwe?"

Mgane akatazama chini. "Sina la kukuficha. Napenda mazungumzo yake. Nilishamwambia, na akanikataa. Sijamwomba tena."

Ngumi ya Spoku ilijikunja yenyewe. Mkewe akafunga mfuko wa sampuli, akachukua bomba lake, akapita katikati yao. "Nimemaliza," akasema. "Twende."

Walirudi kwa miguu, Spoku akisukuma baiskeli, mfuko wa sampuli ukining'inia kwenye usukani.

"Alikutongoza lini?" hatimaye akauliza.

"Msimu uliopita."

"Na hukuniambia!"

"Nikwambie umfuate na spana?" Akahamisha bomba bega jingine. "Sikiliza. Meneja alipotaka viwango vipya, aliniuliza ada ya safari iwe kiasi gani, maana mimi ndiye ninayezijua hizo njia. Nikataja kiasi ambacho niliamini hakuna mwenye akili zake angekilipa. Nilitaka asiniite tena. Akalipa."

Spoku akasimama. Kwanza alitaka kucheka kwa raha. Mkewe alikuwa amejenga ukuta kwa ajili yake! Halafu wivu, ambao haukosi pa kupenya, ukamnong'oneza swali.

"Kama alikuwa anakuudhi, si ungemwambia meneja ampeleke mtu mwingine?"

"Hakuwa ananiudhi," mkewe akasema. "Ndiyo ilikuwa shida. Ananiuliza kuhusu kazi yangu, na anangoja jibu. Wewe ukiniuliza, unataka kujua nilikuwa na nani."

Afadhali angempiga na lile bomba. Spoku alishika njia, na kwa siku kadhaa walisemeshana kwa mambo ya chumvi na maji ya kuoga tu. Alikuwa na hasira na mgane, na mkewe, hata na kondoo. Kilichomvunja ni Shangazi, aliyepita mbele ya kibanda akichechemea, robota mgongoni, maana baiskeli ameiogopa.

Siku hiyo alifika nyumbani mapema. "Mke wangu," akasema, "yule mama anabeba mzigo wa ugomvi wetu. Wenzake pia. Ile ada haikuwekwa kwa ajili yao."

"Najua," mkewe akasema. "Kila nikiwaona kwenye foleni, najua."

Mkewe alikwenda kwa meneja. Hakueleza yote, alisema tu kwamba alikosea, ada ya safari imezidi, na kwamba yeye apewe nafasi maabara, njia zake azirithi mwenzake. Meneja alinung'unika, ila wafugaji walikuwa wamempigia kelele mpaka amechoka, akaishusha. Kwa mgane alipelekwa mpimaji mzee mkorofi, asiyeongea ila kukohoa. Msimu uliofuata mgane alileta marobota yake kituoni mwenyewe, akapanga foleni, akapokea cheti dirishani, akaondoka.

Spoku alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha. Mkewe alizikosa zile njia. Alirudi mapema, mikono safi, kimya. Jioni moja, akiwa anakata vitunguu, akasema kama anayejisemea, "Leo nimepima sufu sijapata kuiona. Nyuzi nyembamba, hata mashine tuliirudia tukidhani imekosea."

Swali lilimjia Spoku ulimini: ya nani? Mkewe aliacha kisu, akamtazama, akilingoja. Alijua linakuja.

Spoku akalimeza. Lilishuka kama mfupa.

"Mashine inajuaje wembamba?" akauliza.

Mkewe aliendelea kumtazama kidogo. Kisha akafuta mikono, akavuta kigoda karibu, akaanza kumweleza, na vitunguu vikangoja.